Mstari wa Mwenye Kioo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua hata dakika kwa sababu saa ya ukutani ya jumba la kufulia ilisimama hapo hapo, na mpaka leo hakuna mkubwa aliyeona haja ya kuitengeneza. Wao saa zao zinakwenda.

Mke wangu alifanya kazi katika jumba lile miaka kumi na sita. Wanafua shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Yeye alikuwa kwenye pasi kubwa, ile ya magogo mawili ya chuma yanayozunguka: shuka inaingia mbichi upande huu, inatoka kavu upande ule, imenyooka kama karatasi. Pasi ile inakula mvuke. Mvuke unakuja kwa bomba, na juu ya bomba kuna kipimo chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye kijani, kazi inaendelea. Ukifika kwenye nyekundu, mvuke unazimwa kwa amri ya msimamizi. Si kwa akili ya mfanyakazi. Kwa amri ya msimamizi tu, na hilo limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, maana ukizima mvuke pasi zote tano zinasimama, na wakubwa hawapendi kitu kisimame. Asubuhi ile bomba lilipasuka. Zaidi ya hapo sitaandika. Alitoka nyumbani kwa miguu yake, hakurudi.

Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko barazani kwetu. Shule niliiachia darasa la nne, na sikuwahi kuona hasara yake, kwa sababu kiatu hakimwulizi mtu cheti.

Asubuhi zetu zilikuwa na mwendo wake. Yeye anachemsha chai, mimi napanga vifaa: nyundo, gundi, uzi wa nta, na msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Naye ananisimulia ndoto. Sikumbuki siku aliyoamka mikono mitupu. Aliota samaki wanapiga pasi. Aliota marehemu mama yangu amekuja kuchukua viatu vyake, akavikataa, kisigino kimekaa upande. Alisimulia kwa sauti za wote, huyu nene, yule nyembamba, hata mlango aliupa sauti yake. Mimi naitikia, “Ehe. Ehe,” huku nagonga misumari.

Jumatano ile aliota nyumba.

“Kuta zake zote ni shuka,” akasema. “Nyeupe, zinapumua. Na nyuma ya shuka watu wanazungumza. Nawasikia vizuri kabisa, Fundi, lakini sijui nani anasema lipi. Maneno yanakuja tu, hayana wenyewe. Wewe unadhani walikuwa kina nani?”

Nilikuwa nimeinama chini ya meza, natafuta msharasi. Nilipoinuka, kikombe chake kilikuwa kinafuka moshi na mlango umekwisha fungwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi wakubwa wa jumba wakaniita ofisini kwao kuandikisha maelezo. Karani ni mtu mpole, nisimsingizie. Alinipa kiti, akanipa maji, akachonga penseli. Nayaandika hapa yalivyokuwa, maana siku hizi najua kuyaandika.

“Asubuhi ile marehemu aliamkaje?”

“Vizuri.”

“Mlizungumza nini?”

“Ndoto. Kila asubuhi ananisimulia ndoto.”

“Kwa hiyo alikwenda kazini akiwa na mawazo ya ndoto?”

“Sasa nitajuaje? Labda.”

“Alikuwa analala vya kutosha?”

“Mtu wa zamu analala vya kutosha, bwana karani?”

Akaandika, akaandika, kisha akanisomea. “Mke wangu aliamka vizuri. Alikuwa mtu wa ndoto. Kila asubuhi alikwenda kazini akiwa na mawazo ya ndoto zake. Hakuwa akilala vya kutosha.”

Nilijisikia nikizungumza peke yangu kama mwendawazimu wa sokoni. Kila neno lilikuwa limepita mle chumbani, hilo siwezi kukataa. Kichwa changu kilikuwa kama ndoo iliyofunikwa. Nikatia sahihi.

Wiki haikuisha, tangazo likabandikwa kwenye lango la jumba, upande wa barabarani, ambapo hata mpita njia anayekwenda zake analisoma: “Ajali ya Jumatano ilisababishwa na mfanyakazi aliyekuwa akiota mchana, kama alivyothibitisha mume wake. Wafanyakazi wote wanatakiwa kuwa macho.”

Kama alivyothibitisha mume wake!

Binti yetu ni mshonaji wa sare, na njia yake ya kazini inapita langoni pale. Siku ya kwanza alisoma, akarudi nyumbani akaketi kwenye kiti cha mama yake bila kuvua viatu. Tangu hapo akawa anazunguka njia ndefu, ya nyuma ya karakana za mabati. Kila jioni swali lake lilikuwa moja.

“Baba, bado lipo?”

“Lipo.”

“Na wewe ndiye uliyesema?”

“Niliulizwa, mwanangu.”

“Pale hapajaandikwa kwamba uliulizwa.”

Nikaondoka mkuku mpaka kwa karani. Nikamwambia, maswali yako yako wapi? Mbona umeniandika kama mtu aliyekuja hapa kumsema mkewe?

“Mzee, tuliza moyo,” akasema. “Sisi tunaandika maelezo, hatuandiki mazungumzo. Muulizaji haingii. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo ilivyo kwa kila mtu.”

“Basi toeni lile tangazo.”

“Hilo ni la kamati. Kamati ya ajali inakaa tarehe pili ya mwezi wa tisa kufunga jalada. Kama una la kusema, lete kwa maandishi. Likishafungwa, tangazo linachorwa kwenye kibao cha chuma, linabaki kuwa fundisho.”

Kibao cha chuma. Bomba la kubadilisha hawakupata, chuma cha kibao walikipata.

Nikaenda maktaba, ambako Jumamosi alasiri watu wazima wanafundishwa. Nilitaka darasa la barua rasmi. Bibi wa pale mlangoni akapitisha kidole kwenye orodha, akasema la barua limejaa, limebaki la kuandika hadithi.

“Hadithi wameshaandika wao,” nikamwambia.

“Basi nenda ukaandike ya kwako,” akasema, akanipa namba ya chumba.

Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya watu kabla havijachapwa, akiwinda makosa kama mtu anayechambua mchele. Tulikuwa sita: mimi, mpishi wa shule, mlinzi wa benki, na mabinti watatu waliokaa pamoja wakitafuna ubani. Siku ya kwanza akatupa zoezi: watu wawili wako jikoni, wanazungumza. Nikaandika ukurasa mzima kwa pumzi moja. Akauinua karibu na dirisha.

“Mzee wangu, hapa nani anasema chai imepoa?”

“Mke wangu.”

“Na nani anasema si kosa langu?”

“Mimi.”

“Na huyu anayesema basi kunywa hivyo hivyo?”

“Yeye. Mwalimu, mbona iko wazi? Mtu yeyote aliyewahi kuoa angejua.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja kiishe.

“Mimi sikuwahi kuolewa,” akasema. “Nisaidie.”

Akasimama ubaoni na kipande cha chaki kisichozidi jino. Akibadilika msemaji, shuka mstari mpya, hata kama amesema neno moja tu. Maneno ya mtu yawekee alama, ya kufungua mwanzo, ya kufunga mwisho. Koma yake, nukta yake, alama yake ya kuuliza, viwe ndani pamoja naye, usiviache nje kwenye baridi. Na yako wewe msimulizi, alisema, akauliza, akaondoka, hayo yakae nje.

Niliziangalia alama zile muda mrefu, mbili huku, mbili kule, zimeshika maneno kwenye ncha. Nikaona vibanio vya nguo. Na ile mistari ya daftari nikaiona ni kamba, na mke wangu anapita chini yake na kikapu, anaanika maneno moja moja ili kila moja lipate upepo wake. Kumbe mimi nilikuwa nimeyarundika yote kwenye beseni, yamesokotana. Hata aliyeyavua asingejua lipi ni lake.

Mpishi wa shule alikuwa fundi wa kutia chumvi. Watu wa hadithi zake hawakusema hata siku moja. Walifoka, walinguruma, walitamka kwa ghadhabu isiyo kifani. Mwalimu akamkata kalamu.

“Mwache aseme tu. Kama amekasirika tutamsikia.”

Kabla ya kutoka nikamwuliza langu. “Mwalimu, na mtu akiulizwa, asijibu?”

“Andika kwamba hakujibu. Mpe mstari wake hata kama ni mtupu. Usipoandika, msomaji atadhani hakuulizwa.”

Hilo nilitembea nalo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Nikaanza kuandika barazani, mchana, kati ya kiatu na kiatu. Ule wakati wa saa nane, jua likiwa limeingia mpaka miguu ya meza na mtaa wote umesinzia, redio ya jirani inaimba kwa chini kama inaimba chini ya maji. Naweka daftari juu ya soli. Nafungua alama. Mwanzoni nilikuwa naandika ninayoyakumbuka. Kisha siku moja nikaandika, “Chai imepoa,” nikaweka kibanio cha kufunga, nikashuka mstari ili nijibu mimi. Kalamu ikakataa. Mstari haukuwa wangu.

“Mimi sikusema hivyo,” akasema.

Hakuwa ameketi wala kusimama. Baraza ilijaa harufu ya sabuni ya vipande na ule uvuguvugu wa shuka iliyotoka pasini. Sikuinua macho. Nilijua nikiinua nitaona mtaa.

“Ulisema nini?”

“Nilisema chai inakupoa. Inakupoa wewe. Unaandika kama karani.”

“Nisamehe.”

“Futa kwanza, ndiyo uombe msamaha.”

Nikafuta, nikaandika tena, nikashuka. Akaja. Ikawa hivyo siku nyingi. Ilinibidi niwe mwangalifu na mistari. Nikimchanganyia sauti yake na yangu anapotea, harufu inakatika, nabaki na kiatu cha mtu mapajani. Nikimpa mstari wake anakaa. Ananipa umbea wa jumba lote, nani kagombana na nani kwenye vikapu vya magurudumu. Ananicheka herufi zangu, anasema zimelewa. Alasiri moja mistari ya daftari ilianza kupumua kama zile shuka zake, nami nikawa napita kati yake, nyeupe huku na huku, nikisikia watu nyuma, na kila sauti niliyoipa alama ilitoa mkono kando ya shuka kunisalimia.

Lakini kila nilipomfikisha Jumatano, saa nne na dakika ishirini, alinyamaza.

“Pale ilikuwaje?” namwuliza.

“Wewe hukuwepo,” anasema. “Usinisemee. Wameshanisemea wengi.”

Mwezi wa nane ulipokuwa unaishia akaja Mama Pacha na kiatu kilichokatika ukanda. Huyu alifanya kazi na mke wangu pasi moja, yeye anapokea shuka upande wa kutokea. Tangu msiba hakuwa amekanyaga kwangu. Akaketi, akanyoosha mguu mmoja peku, akakodolea macho nyundo yangu.

“Shemeji, huu ukanda unatengenezeka?”

“Unatengenezeka. Ila kwa mkono umekatwa huu, haukukatika.”

Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka hapo hapo. “Nilitafuta sababu ya kuja.”

“Karibu hata bila sababu.”

“Shemeji, mimi nilisimama upande wa pili wa pasi. Niliona kila kitu, na nilimwambia karani, usifikiri nilikaa kimya.” Akafuta uso kwa kiganja. “Mshale ulifika kwenye nyekundu. Mkeo akaacha shuka, akamgeukia Mwenye Kioo.”

Mwenye Kioo ndiye msimamizi wao. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu anakaa siku nzima ndani ya kibanda cha vioo katikati ya ukumbi, anaona wote, na dirisha lake dogo la kusemea analifungua akitaka yeye.

“Dirisha lilikuwa wazi?” nikauliza.

“Wazi kabisa. Alikuwa anachanganya sukari kwenye kikombe. Mkeo akamwuliza kwa sauti, ‘Bwana msimamizi, mshale umefika kwenye nyekundu. Nizime, au niendelee?’ Yeye akamtazama, shemeji, usiseme hakusikia. Akamtazama, akaendelea kukoroga. Mkeo akamwuliza tena vile vile. Basi.”

“Basi nini?”

“Basi hakujibu. Na sisi kuzima haturuhusiwi.”

“Na haya ulimwambia karani?”

“Neno kwa neno! Akaniuliza, msimamizi alijibu nini? Nikasema hakujibu kitu. Akasema, basi hapo hakuna cha kuandika. Akashuka kwenye swali linalofuata, akaniuliza habari ya viatu nilivyovaa siku ile.”

Nilishona ukanda ule taratibu sana. Miezi yote hii nilikuwa nadhani wameficha kitu fulani kwenye kabati. Kumbe hawakuhitaji kabati. Mahali ambapo majibu peke yake ndiyo yanaandikwa, swali lisilojibiwa halina pa kuingilia. Mkubwa akinyamaza, karatasi inanyamaza naye, na aliyeuliza anakuwa hakuuliza. Mke wangu aliuliza mara mbili, akiwa macho kuliko wote mle ndani, na kwenye jalada lao amelala.

“Tarehe pili utasimama useme?” nikamwuliza.

Akaangalia kiatu chake. “Nina pacha wanne mwaka huu wanaingia shule, shemeji. Wawili wangu na wawili wa dada. Kunisimamisha mbele ya Mwenye Kioo...” Akavaa kiatu, akakanyaga kukijaribu. “Lakini niandike. Niandikie mstari wangu na nitauwekea sahihi.”

Alasiri ile nikafungua daftari kwenye Jumatano. Nikaandika alivyosimama, alivyoacha shuka. Nikafungua alama, na harufu ikaja kabla sijaandika neno. Alisema mwenyewe, kwa sauti yake ile ya kazini ambayo mimi nyumbani sikuwahi kuisikia, imenyooka, haina hata kona. Nilipofunga alama ya kuuliza ndani ya vibanio nikashuka mstari, nikamwandikia Mwenye Kioo alama ya kufungua. Nikangoja. Hakuja mtu. Nikaacha mstari mtupu.

“Umeandika wa asubuhi?” akaniuliza mke wangu.

“Wa asubuhi gani?”

“Nami nilikuuliza walikuwa kina nani.”

Redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Nikarudi nyuma kurasa tatu, mpaka kwenye kikombe kinachofuka na mimi niliyeinama chini ya meza. Nilikuwa nimeandika ndoto yake yote nikaikatiza kabla ya swali. Karani gani mimi! Nikaliandika. Nikajiandikia alama ya kufungua, nikaacha mstari wangu mtupu, ili haki iwe haki. Nilipoinua macho niliona mtaa.

Tarehe pili binti yangu alinipigia pasi shati, akanitazama mlangoni kama ananipeleka jandoni.

“Baba, jikaze kisabuni.”

“Mama yako alinikausha zamani.”

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni inayozunguka kwa kujivuta, na birika la umeme kwenye pembe likianza kuimba. Walikuwapo mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima wa miwani, karani na jalada lake, na Mwenye Kioo. Nje ya kioo chake alikuwa mdogo. Hakujua mikono aiweke wapi.

Mwenyekiti alifungua daftari langu, akakunja uso. “Mzee, tunakupa pole. Lakini hii ni hadithi. Watu wanazungumza humu ndani. Sisi tulitaka maelezo.”

“Maelezo mliandika nyinyi, mheshimiwa. Hii nimeandika mimi.”

“Na humu kuna ndoto.”

“Ndoto ndiyo mliyoibandika langoni. Nimeileta nzima, na mwenyewe.”

Akanitazama kwa juu ya miwani. “Haya. Soma. Kwa kifupi.”

Nikasoma kwa urefu. Nilisoma kila mtu kwa mstari wake, kama alivyokuwa akisimulia yeye, huyu nene, yule nyembamba. Nilipofika kwenye mstari wangu wa asubuhi nikanyamaza, mpaka mwenyekiti akadhani nimepotea.

“Mbona umesimama?”

“Huo ni mstari mtupu. Ni wangu. Aliniuliza, sikumjibu. Nimeandika ili mjue sikuja hapa kujisafisha.”

Birika lilikuwa limeanza kuchemka, na hakuna aliyeinuka kulizima. Mvuke ulipanda kwenye kona, ukapita mbele ya dirisha, ukaingia mezani pole pole. Nikasoma maelezo yangu na karani, safari hii na maswali yake yamo, na karani akainamisha kichwa. Nikamsoma Mama Pacha, na sahihi yake chini. Nikafika saa nne na dakika ishirini. Hapo sikusoma mimi. Mdomo ulikuwa wangu, lakini harufu ya sabuni ilijaa chumba kizima, hata mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Kisha nikageuza daftari, nikalisukuma hadi mbele ya Mwenye Kioo, na kalamu juu yake.

“Hapa pana nini?” akauliza mwenyekiti.

“Alama ya kufungua. Mbele yake ni nafasi yake. Mimi siwezi kumsemea. Nilishakatazwa.”

Mwenye Kioo aliangalia ule mstari. Mkono wake ulianza kuzunguka juu ya meza, mduara mdogo, mduara mdogo, kama anayekoroga kikombe ambacho hakikuwapo.

“Bwana msimamizi,” akasema mwenyekiti, “marehemu aliuliza?”

Mwenye Kioo hakujibu.

“Tuendelee,” mwenyekiti akamwambia karani. “Andika kwamba msimamizi hana la kuongeza, tufunge.”

Karani hakuandika. Alikuwa ameshika penseli hewani, uso wake umelowa mvuke. “Mheshimiwa,” akasema, “niandike swali?”

“Swali gani?”

“La marehemu. Likiwa kwenye karatasi...” Akafunua jalada. “Kwa utaratibu wetu, jalada lenye swali lililoandikwa halifungwi mpaka lijibiwe. Na tangazo la jalada lililo wazi haliruhusiwi kukaa langoni.”

Ndipo nikaelewa kwa nini mle ndani hawaandiki maswali. Nilitaka kucheka, nikaona nitalia.

Mwenyekiti alitazama birika, akatazama daftari langu lenye herufi zilizolewa, akatazama ule mkono unaozunguka. Alikaa hivyo muda ambao mtu angepiga pasi shuka mbili. Kisha akavaa miwani.

“Andika.”

Karani akalilaza jalada, akaandika polepole, akabonyeza vibanio huku na kule. Akashuka mstari. Utaratibu wao ni kusoma kwa sauti kilichoandikwa, ili mwenye kujibu asikie vizuri. Akasimama, akamgeukia Mwenye Kioo, na yule mtu aliyeniandika peke yangu akafungua kinywa akasoma:

“Bwana msimamizi, mshale umefika kwenye nyekundu. Nizime, au niendelee?”